Faili Iko na Nani? Historia ya Seva ya Ofisi, Kutoka Masjala Hadi Flashi

Kama umewahi kuishi Nunguni mwezi wa saba, unajua ile baridi. Ukungu unalala kwenye vilima vya Kilungu mpaka saa nne asubuhi, na bado huoni mikaratusi iliyo ng'ambo ya barabara. Asubuhi kama hiyo, miaka michache iliyopita, nilimsindikiza mamangu kwenda ofisi moja hivi kuulizia basari ya dada yangu. Ofisi siitaji, na sina haja, kwa sababu hili lingeweza kutokea katika ofisi yoyote unayoijua.

Fomu tulikuwa tumepeleka mapema. Chifu alikuwa amepiga muhuri, sahihi zote ziko, kila kitu sawa. Karani tuliyemkuta alikuwa dada mpole sana. Akatafuta kwenye kompyuta yake, hakuna. Akatafuta kwenye kabati, hakuna. Mwishowe akasema ile sentensi ambayo kila Mkenya ameisikia: "Mama, hiyo faili iko na mwenzangu, na yeye alihamishwa."

Kumbe orodha yote ya walioomba ilikuwa kwenye laptopu ya mtu mmoja. Nakala yake ilikuwa kwenye flashi ya mtu huyohuyo. Tulipompata kwa simu, akatuambia flashi iliingia virusi, akaifomati. Basi. Dada yangu alikaa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya karo, wenzake wakiendelea kusoma. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyeomba kitu kidogo. Orodha ilipotea tu, vile shilingi ishirini hupotea mfukoni.

Wengi mnanijua kwa video za kutengeneza laptopu. Leo sifungui mashine yoyote. Leo nataka tusome historia kidogo, kwa sababu nimegundua kwamba shida iliyomrudisha mamangu nyumbani mikono mitupu ilishatatuliwa zamani, mara mbili. Kwanza na makarani wa karatasi. Halafu na watu wa kompyuta, zaidi ya miaka 40 iliyopita. Sisi tumebaki katikati, na flashi mkononi.

Hoja yangu ni moja: seva ya ofisi si mashine ya mabenki na wataalamu wa Nairobi. Seva ni masjala. Na historia yake yote ni historia ya swali moja: faili iko na nani?

Masjala ilivyokuwa

Vijana wenzangu, neno masjala huenda mmelisikia kwenye mtihani wa Kiswahili tu. Ni kile chumba cha ofisi ya serikali ambacho faili zote zilikaa. Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu zamani, alifanya kazi kwenye chumba kama hicho huko Machakos, enzi zile Makueni haijawa wilaya. Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992, kwa hivyo kabla ya hapo karatasi nyingi za Kilungu zilikuwa zinaishia Machakos.

Siku moja nikamuuliza, "Mzee, mlikuwa mnajuaje faili iko wapi?"

Akacheka. "Kijana wangu, faili ilikuwa haitembei bila kuandikwa."

Akanieleza. Kila faili ilikuwa na namba. Kila barua iliyoingia kwenye faili ilipewa namba yake ya ukurasa, kwa mpangilio, ili mtu akichomoa moja, pengo lionekane. Afisa akitaka faili, karani anaandika kwenye daftari: namba ya faili, jina la aliyeichukua, tarehe. Mahali pale ilipokuwa kwenye rafu panawekwa kadi yenye jina lake. Ukija kesho, unaona kadi: faili iko na bwana fulani, tangu Jumanne. Na maafisa wawili hawawezi kuandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja, kwa sababu faili ni moja na iko kwenye meza moja.

Afisa akihamishwa kwenda Kitui, anaondoka na kofia yake na sanduku lake. Faili inabaki. Hilo ndilo nililolipenda zaidi. Faili ilikuwa ya ofisi.

Lakini tusiisifu masjala kupita kiasi. Ilikuwa na udhaifu mkubwa: nakala ilikuwa moja, na ufunguo ulikuwa mmoja. Aliyeshika ufunguo alikuwa na nguvu kuliko hata aliyeandika barua. Ndiyo maana hata leo ukisikia "faili imepotea" kwenye mambo ya shamba, unajua kuna mtu amepewa chai.

Na kuna mfano mkubwa kuliko wote. Uingereza ilipokuwa ikiondoka Kenya mwaka 1963, maafisa wake walichagua faili ambazo hawakutaka serikali mpya izione. Nyingine zilichomwa. Nyingine zilifungwa kwenye masanduku na kupelekwa Uingereza. Karibu faili 1,500 za Kenya zilikaa huko kimya mpaka mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya walioteswa enzi za Mau Mau walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London. Hapo ndipo serikali hiyo ilipokiri kwamba faili zipo, zimehifadhiwa mahali panapoitwa Hanslope Park. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Faili hizo zilikuwa sehemu kubwa ya ushahidi.

Hebu fikiria. Karibu miaka 50 wazee wanasema "tuliteswa", na maandishi yanayoweza kusaidia kuthibitisha yako kwenye rafu nchi nyingine. Kwa hivyo mtu asikwambie swali la faili iko na nani ni swali dogo la makarani.

Printa ndiyo iliyoanza

Sasa twende kwenye kompyuta. Hapa kuna kitu kilinishangaza nikisoma. Nilidhani mtandao wa ofisi ulianza kwa sababu watu walitaka kutumiana faili. Kumbe sababu mojawapo kubwa ilikuwa printa.

Kampuni ya Xerox ilifungua kituo chake cha utafiti, PARC, huko Palo Alto, California, mwaka 1970. Mhandisi wake mmoja, Gary Starkweather, alikuwa na wazo la kutumia mwanga wa leza kuandika kwenye ngoma ya mashine ya fotokopi. Wakubwa wake wa mwanzo hawakulipenda. Mwaka 1971 akahamia PARC, na huko akaijenga printa ya leza. Wakati huohuo wenzake walikuwa wanatengeneza kompyuta ya mezani iliyoitwa Alto, kila mtu na yake. Shida ikawa wazi: kompyuta ni nyingi, printa ni moja na ni ya bei kali. Utawaunganishaje wote?

Tarehe 22 Mei 1973, Bob Metcalfe aliandika waraka wa kueleza njia ya kuunganisha kompyuta hizo kwa waya mmoja. Njia hiyo ikaitwa Ethernet, na aliijenga pamoja na David Boggs. Ndiyo hiyohiyo inayopita kwenye ule waya wa buluu au wa kijivu unaouona nyuma ya kompyuta za saiba. Pale PARC, kompyuta moja iliwekwa kazi ya kupokea kurasa kutoka kwa kila mtu, kuzipanga foleni na kuzipeleka kwa printa. Hiyo ndiyo seva ya printa. Ukienda posho mill Nunguni siku ya soko, utaielewa bila mwalimu: mashine ni moja, magunia ni mengi, lazima awepo mtu wa kupanga laini.

Lakini hiyo ilikuwa maabara ya matajiri. Huku nje, mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani, na ofisi za dunia zikaanza kununua. Hapo ndipo masjala ilipovunjika. Kabla yake, karatasi zote zinarudi chumba kimoja. Sasa kila mtu ana barua zake ndani ya mashine yake, kwenye meza yake. Ukitaka barua ya mwenzako, unaenda kwake na disketi, anakuwekea, unarudi nayo. Wazungu walifanyia utani wakauita mtandao wa raba, yaani viatu ndivyo vinabeba data.

Unaona tunakoelekea? Ule mtandao wa raba wa miaka ya themanini ndio sisi na flashi leo.

Halafu mwaka 1984 Hewlett-Packard ikaleta printa ya leza ya ofisi, LaserJet, kwa dola 3,495. Kurasa nane kwa dakika. Ilikuwa rahisi ukilinganisha na zilizotangulia, lakini hakuna meneja aliyekuwa tayari kumnunulia kila karani moja. Basi haja ya kugawana ikawa ya kila ofisi.

Seva inakuwa karani

Kampuni iliyotajirika na haja hiyo ilikuwa Novell, ya jimbo la Utah, Marekani. Mwaka 1983 ilitoa programu iliyoitwa NetWare. Nataka nieleze kwa nini ilikuwa muhimu, kwa sababu hapa ndipo mzee wa masjala anarudi.

Kabla ya NetWare, mifumo mingi ya kugawana ilikuwa inagawana diski. Yaani diski moja kubwa inakatwa vipande kama shamba la urithi, kila mtu anapewa kipande chake. Mnatumia diski moja, lakini kila mtu analima kwake. NetWare ilifanya tofauti. Iliweka mashine moja katikati, na mashine hiyo ndiyo iliyoshika faili zote. Ukitaka faili, unaiomba. Seva inaangalia: wewe ni nani, neno lako la siri ni lipi, je, unaruhusiwa kusoma tu au na kuandika? Kama mwenzako ameshaifungua anaiandika, seva inakuzuia usije ukafuta kazi yake.

Soma tena hayo niliyosema. Jina la aliyechukua. Ruhusa. Faili moja, mwandishi mmoja kwa wakati mmoja. Hiyo ni masjala! Ni yule karani wa Machakos na daftari lake, amegeuzwa kuwa programu.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini, NetWare ilikuwa ndiyo mfalme wa mitandao ya ofisi. Upande mwingine, IBM ilikuwa imetengeneza lugha yake ya kompyuta kuombana faili na printa, iliyoitwa SMB, kazi ya mhandisi Barry Feigenbaum. Microsoft ikaichukua lugha hiyo, ikaikuza, ikaiweka ndani ya Windows. Na Windows ilipoenea kila mahali, SMB ikaenea nayo. Mpaka leo, ukibonyeza folda ya mtandao kwenye kompyuta yako ya Windows, hiyo ndiyo lugha inayozungumzwa.

Shida? Leseni. Unalipia programu ya seva, na mara nyingi unalipia pia kila mtu au kila mashine itakayounganishwa. Kwa ofisi ya Nairobi yenye bajeti, sawa. Kwa shule ya kutwa huku kwetu, au ofisi ya kikundi cha wakulima wa parachichi, hiyo ni ndoto. Kwa hivyo masjala mpya ilikuwepo, lakini mlango wake ulikuwa wa kulipia.

Mwanafunzi aliyesikiliza waya

Sasa hapa kuna hadithi ninayoipenda kuliko zote kwenye teknolojia.

Mwishoni mwa mwaka 1991, mwanafunzi wa shahada ya uzamifu huko Canberra, Australia, aitwaye Andrew Tridgell, alikuwa na shida yake ndogo. Alitaka kompyuta yake ya mezani ione faili zilizokuwa kwenye mashine kubwa ya chuo. Hakuwa na maelezo ya lugha ambayo kompyuta hizo zilitumia. Alifanya nini? Alikaa akasikiliza. Aliandika programu ya kunasa maneno yanayopita kwenye waya, akayatazama: mashine hii ikisema hivi, ile inajibu vile. Kidogokidogo akajua lugha yenyewe, akaandika seva inayoizungumza. Januari 1992 akaitoa bure kwa watu.

Ni kama vile mtoto wa Kikamba anavyojifunza Kiswahili kwenye stendi ya matatu. Hakuna kitabu. Anasikiliza makanga na abiria wakibishana nauli, na baada ya miezi miwili naye anabishana.

Baadaye Tridgell alihitaji jina la programu yake. Alitafuta kwenye orodha ya maneno ya kamusi neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Likaja Samba. Si shamba, si simba. Samba.

Mwaka huohuo wa 1991, huko Helsinki, Ufini, mwanafunzi mwingine, Linus Torvalds, alikuwa ametoa Linux. Ukiweka Linux kwenye kompyuta kuukuu, ukaongeza Samba kwa ajili ya faili, na baadaye CUPS, programu ya printa iliyoandikwa na Michael Sweet na kutoka mwaka 1999, una seva kamili ya ofisi. Kompyuta za Windows zinaiona kama mwenzao. Leseni ni shilingi sufuri, kihalali, bila kuvunja programu ya mtu.

Haikuwa vita rahisi. Microsoft ilikataa kutoa maelezo kamili ya lugha yake, na mwaka 2004 Tume ya Ulaya ikaitoza faini ya euro milioni 497, pamoja na kuiamuru iyatoe. Microsoft ikakata rufaa, ikashindwa Septemba 2007. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo watu wa Samba, kupitia shirika lisilo la faida, walilipa euro 10,000 wakapata maelezo hayo. Yaani kilichoanza na mwanafunzi mmoja kusikiliza waya kiliishia kwenye mahakama kubwa za Ulaya. Swali lilikuwa lilelile: ni nani anaruhusiwa kushika ufunguo wa masjala?

Na sisi je?

Turudi nyumbani. Hatujakaa bure. Mwaka 2004 serikali ilianzisha kurugenzi ya serikali-mtandao. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti. Mwaka 2013 tukapata kaunti 47, na mwaka huohuo Mamlaka ya TEHAMA ikaundwa. Mahakama zimeingia kwenye mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni, kuanzia Nairobi mwaka 2020. Aprili 2021 Ardhisasa ikazinduliwa kwa mambo ya ardhi. Juni 2023 tukaambiwa huduma zaidi ya 5,000 ziko kwenye eCitizen.

Hizo ni hatua, sibishi. Lakini angalia zimeenda wapi. Zimeenda juu, kwenye mifumo mikubwa ya taifa. Ile ofisi ndogo yenye makarani wanne, kompyuta tatu na printa moja, imeachwa na flashi. Fomu unajaza kwenye simu, halafu orodha inakaa kwenye laptopu ya mtu.

Najua mtaniambia, "Si waweke kwenye wingu? Google Drive iko." Nimeisikia sana hiyo. Na kwa nakala ya akiba, mimi mwenyewe naiunga mkono. Lakini kuna mambo mawili.

La kwanza, wingu linataka intaneti. Mwishoni mwa Julai 2023, wiki chache tu baada ya uzinduzi ule mkubwa, eCitizen ilishambuliwa na watu wakakwama. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika na intaneti ikawa konokono Afrika Mashariki nzima. Seva iliyo ndani ya ofisi haijali nyaya za bahari. Kompyuta ya karani na seva ziko chumba kimoja, zinaongea kupitia ruta ya ukutani, hata kama bando imeisha.

La pili ni zito zaidi. Wingu la ofisi zetu nyingi ni akaunti binafsi ya mtu. Orodha iko kwenye barua pepe ya karani, kwa jina lake na neno lake la siri. Akihamishwa, wingu linahama naye. Hujatoka kwenye flashi. Umeipandisha juu tu.

Nilivyojaribu, na nilivyokosea

Baada ya ile wiki ya basari, niliamua nisiwe mtu wa kulalamika tu. Kikundi kimoja cha wakulima kilikuwa na ofisi ndogo, kompyuta nne, printa moja ambayo ilikuwa inahamishwa kwa mkono kutoka meza hadi meza kama mtoto mchanga kwenye harusi. Nikawaambia nipeni nafasi.

Tulinunua kompyuta ya mezani ya mtumba, zile za kutoka Uingereza, kwa bei isiyozidi mbuzi wawili wazuri. Tukaweka diski mbili ndani, na nikazipanga ziwe kioo: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine, ili moja ikifa, kazi iendelee. Nikaweka Linux, Samba na CUPS. Nikaipa seva anwani isiyobadilika kwenye mtandao, ili kompyuta zisiitafute kila asubuhi. Printa nikaiunganisha na seva, na kila mtu akawa anaprinti kutoka mezani kwake. Folda tukazigawa kwa kazi wala si kwa watu: wanachama, mauzo, barua, mikutano. Kila mtu akapata jina lake na neno lake la siri. Mweka hazina anaandika kwenye folda ya fedha, wengine wanasoma tu. Tukaongeza UPS, maana stima ya huku mnaijua. Na hata huko mjini, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizima, pamoja na uwanja wa ndege wa Nairobi.

Siku ya kwanza katibu aliprinti akiwa amekaa, akasikia karatasi ikitoka upande wa pili wa chumba, akapiga makofi. Nikajiona shujaa. Nikapiga na picha.

Miezi miwili baadaye nilienda Nairobi kazi ya wiki tatu. Wiki ya pili seva ilizima, ikawaka, na ikakataa kuendelea bila neno la siri la msimamizi. Mwenyekiti akanipigia. Simu yangu ilikuwa imeharibika, iko kwa fundi. Walikaa siku nne bila orodha ya wanachama, na ilikuwa wiki ya malipo. Akina mama walikuja, wakaambiwa warudi. Na unajua waliambiwa nini? Waliambiwa, "Hiyo iko na yule kijana, na yule kijana ameenda Nairobi."

Niliposikia hivyo nilikaa kimya. Nilikuwa nimekuwa yule mtu wa flashi. Nilijenga masjala nzuri, halafu nikaondoka na ufunguo mfukoni.

Nikarudi, nikatengeneza upya. Neno la siri la msimamizi sasa limeandikwa kwenye karatasi, limefungwa ndani ya bahasha yenye sahihi za watu watatu, na bahasha iko kwenye sanduku la fedha. Kuna daftari, ndiyo, daftari la karatasi, linaloeleza seva imepangwaje, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili rahisi. Watu wawili wa ofisi wamefundishwa kuizima na kuiwasha. Kila Ijumaa nakala inaingia kwenye diski ya nje, na diski hiyo inalala nyumba nyingine, si ofisini. Mwizi akija, au moto, hatapata zote mbili.

Nikamweleza mzee wa masjala. Akaniuliza swali moja tu: "Na wewe ukifa?" Nikamwambia sasa hawatanihitaji. Akatikisa kichwa: vizuri.

Mambo mawili ya tahadhari

Sitaki mtu asome hapa akimbie kufungua folda zote kwa kila mtu. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilivamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikafunga faili na kudai pesa. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kiliingilia wapi? Kwenye SMB, lugha ileile ya kugawana faili, toleo lake la zamani. Na Microsoft ilikuwa imetoa kiraka Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakusasisha. Kwa hivyo sasisha mashine zako, zima toleo la kwanza la SMB, na usiiweke seva ya ofisi wazi kwenye intaneti.

Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Orodha ya basari ina majina ya watoto, namba za vitambulisho vya wazazi, habari za nani ni yatima na nani ni maskini. Hiyo si ya kuachwa kwenye flashi inayozunguka saiba tatu kwa siku ikitafuta printa inayofanya kazi.

Basi nimalizie hapa. Tunapenda sana kuomba vitu vikubwa: mifumo ya mabilioni, programu za simu, uzinduzi wenye mahema na wanasiasa. Mimi naomba kitu kidogo. Kila ofisi inayoshika karatasi za wananchi, iwe shule, zahanati, kikundi au ofisi ya wodi, iwe na mahali pamoja pa kuweka faili, pasipo pa mtu binafsi, na ufunguo uwe na watu zaidi ya mmoja. Programu ni za bure tangu nikiwa sijazaliwa. Mashine ni za mtumba. Vijana wa kuziweka tuko huku, wengine tumekaa tu na vyeti.

Dada yangu alirudi shule. Mamangu aliuza mbuzi. Mbuzi wawili, kusema kweli, bei ya ile seva.

Ofisini kwenu faili ziko na nani? Niambieni hapo chini, na jina la ofisi msiweke.